Maji Yalivyopwa Siku ya Mwezi Nusu

Tangu nirudi, kila nikikaa nanyi barazani hapa Chang'ombe mnaniuliza yale yale, na mie nawajibu nusu nusu. Mmoja anataka habari za mguu. Mwingine anauliza kama ni kweli bahari ilisimama kama ukuta. Mzee Pazi yeye kila Ijumaa anauliza kwa nini siku ya matanga ya Yosefu nilisimama mbele za watu nikawaaibisha Wazaramo wote. Basi nimekaa chini na kalamu. Shule nilisoma madarasa mawili, mnivumilie. Habari za kuandikwa kazi na za vyeti nazipita, hazina utamu. Waliokosa nitawataja kwa majina, maana wapo, na mmoja wao mnamsalimu kila siku.

Kutoka Chang'ombe mpaka Adeni

Wa kwanza ni Shomari Kibuyu, nyapara. Vita vilikuwa vimekwisha juzi juzi, kazi hakuna, akaja akitafuta watu wa meli ya mizigo inayokwenda pwani ya Makrani, kule walikotoka Wabulushi, kuchukua papa wakavu. Alisema siku arobaini. Nimerudi baada ya miezi saba, na Yosefu hakurudi.

Yosefu mnamkumbuka. Mnyamwezi, Mkristo, jirani yangu mlango kwa mlango. Mama yake alimleta kwa treni kutoka upande wa Tabora akiwa bado ananyonya. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, sie wawili hatukuwahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Mie nikimwita mpagazi, yeye akiniita mla nazi. Alipakia magunia ghalani miaka mingi, lakini bahari alikuwa akiiona kwa mbali tu, akiiheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa asiyemjua.

Mie ndiye niliyemfundisha bahari. Nikampeleka ufukoni Mtoni maji yakipwa, nikamwonyesha chaza na mashimo ya pweza. Nikamwambia: mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, hilo ndilo bamvua, shuka na kikapu. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi wala hayashuki ya maana, kalale. Yosefu hakuwa mtu wa kusikia akasahau. Jioni ile ile alichukua kaa la moto lililozimika akachora miezi yote kwenye ukuta wa mama yake: duara zima, nusu, duara zima, nusu, na chini ya kila mmoja mstari wa maji, mrefu au mfupi. Mama yake alimgombeza kwa kuchafua ukuta mpya.

Melini alitapika kutoka Zanzibar mpaka Mogadishu. Chakula kilikuwa wali wenye fukusi na dengu, na yeye akiwatoa wale wadudu mmoja mmoja akiwapanga ukingoni mwa sahani. "Hawa nao wameandikwa kazi na Shomari," akasema. "Waliambiwa siku arobaini." Adeni tulingoja makaa ya mawe siku kumi na moja. Yosefu alizunguka mji mzima akitafuta mti wa kukaa chini yake, akarudi akaniambia nchi hii imesahauliwa na Mungu kwenye kona ya mfuko.

Pwani ya papa

Tulifika mji mdogo wa wavuvi, nyumba za udongo, nyuma yake kilima cha mchanga na mbele yake ufuko mpana, tambarare kama mkeka. Meli haikuweza kukaribia. Shomari akatushusha, watu sita pamoja naye, tulale ufukoni kwenye machanja ya kukaushia papa, tufunge mizigo, mashua zije kuichukua. Nahodha, Mzungu tuliyemwita Sharubu, akarudisha meli kwenye kina kirefu kwa kuogopa mchanga.

Watu wa pale walitupenda bila sababu. Mzee mmoja, Muradi, alitukaribisha chai. Sie kwa adabu ya kwetu tukamaliza kikombe. Yeye kwa adabu ya kwao akaona kikombe kitupu ni mtu mwenye kiu, akajaza. Yosefu alikunywa vikombe tisa. Wakati wa kuondoka alikuwa akitembea kama mja mzito, akaninong'oneza, "Mtani, huyu mzee ana ugomvi na mie? Nilimfanya nini?"

Usiku wa tatu ardhi ilitikisika. Ukuta wa nyumba ya Muradi ulilala chini. Watu wakatoka na watoto wao wakashika njia ya kilimani. Muradi alinivuta mkono, akaonyesha bahari, akaonyesha kilima, akaonyesha bahari tena. Nikadhani anaomba tukamsaidie kuhamisha vyombo. Shomari akasema, "Mnaondoka mizigo iibiwe? Kaeni!" Tukakaa.

Kulipokucha maji yalikuja. Hayakuwa ya kutisha, yalipanda kimya kimya mpaka kwenye miguu ya machanja, yakabeba mafurushi machache, yakarudi. Shomari akasema, "Imekwisha hiyo. Okoteni mizigo." Yeye mwenyewe akapanda kilimani kunywa chai. Kwa hilo simsamehe mpaka leo. Juzi alinisalimu Kariakoo, nikageuka nikatazama vitunguu.

Tulikuwa tunaokota. Mie nilikaa juu ya furushi, nimechoka, Yosefu amesimama mbele yangu. Akaniita bila kugeuka.

"Mla nazi. Maji yameenda wapi?"

Nikatazama. Bahari ilikuwa imejikunja kama mtu anavyokunja mkeka. Ngalawa za watu zimelala ubavu, nanga ziko kavu, majani ya baharini yanameta, samaki wanarukaruka matopeni, na ukingo wa maji uko mbali, mbali.

"Yamepwa," nikasema. "Hujaona maji kupwa?"

"Nimeona Mtoni. Hayakupwa hivi."

"Bamvua hilo, mpagazi. Shuka ukatuokotee kitoweo, tumechoka dengu."

Hapo aligeuka. Akainua kidole juu ya kichwa changu. Mwezi ulikuwa bado uko angani, mweupe, umekatika upande mmoja kama kifuu cha nazi.

"Ule ni nusu," akasema. "Ulinifundisha mwenyewe. Mwezi nusu, maji mafu. Sasa bamvua limetoka wapi?"

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa zuri, na mie sikuwa na jibu. Mtu asiye na jibu akiwa peke yake huogopa. Akiwa na mtani wake hutania.

"Tangu lini Mnyamwezi akamfundisha Mzaramo bahari? Nyie kwenu mna kisima kimoja, na hicho chenyewe mnakiamkia shikamoo. Nenda!"

Akacheka. Alikuwa na cheko la tumbo, mnalikumbuka. "Haya. Nikikuta pweza namla mwenyewe, wewe nakuletea mikia." Akakunja suruali, akashuka. Wengine watatu wakamfuata.

Alikwenda mbali. Alikaa huko muda, akiinama na kuinuka, mpaka nikawa nasinzia. Kisha nikamwona ameinua samaki mkubwa kwa mikono miwili juu ya kichwa, ananionyesha, na nyuma yake upeo wote ukawa na mstari mweupe. Nilimwita. Nilimwita mara moja, kisha nikakimbia. Kelele ilikuwa kama ya treni inayoingia stesheni bila kusimama. Maji yalinikuta kwenye machanja, mti ukanivunja mguu, nikaukumbatia mti ule ule ulionivunja. Aliyekuja kunifungua mikono ni Mzee Muradi.

Wanne waliokuwa chini hatukumpata hata mmoja.

Karachi

Walinipeleka Karachi, wakanilaza hospitali miezi miwili na siku kadhaa. Kwenye mji ule wako watu weusi kama sie, wazee wao walichukuliwa kutoka pwani yetu zamani. Mama mmoja mtu mzima alisikia kuna mgonjwa wa kutoka huko, akawa ananiletea mchuzi wa samaki na mkate mpana kila siku ya pili. Alikuwa na maneno matano ya Kiswahili aliyoachiwa na bibi yake. Moja lilikuwa tusi zito, na yeye alidhani ni salamu. Kila akiingia ananitukana kwa upendo mkubwa, na mie naitikia, "Marahaba, mama." Sikumrekebisha. Ningemwachia manne tu.

Pale kitandani ndipo nilipopanga orodha ya waliomuua Yosefu. Shomari Kibuyu, aliyetubakisha ufukoni. Sharubu, aliyekuwa baharini, lile wimbi lilipita chini ya meli yake na hakupiga hata king'ora. Na bahari yenyewe, iliyokuja ghafla bila kumpa mtu nafasi. Watatu. Niliirudia orodha ile kama mtu anavyorudia juzuu ya Amma, na kila nikiimaliza nalala vizuri.

Hesabu za Fundi Mateo

Nilirudishwa kwa meli ile ile, ilipokuja tena safari nyingine. Fundi wa mitambo alikuwa Mgoa mmoja, Mateo, mtu mfupi mwenye sauti ya padri, aliyekaa Unguja miaka mingi akajua Kiswahili kuliko Shomari. Mie na gongo langu sikuwa na kazi, nikawa nakaa naye karibu na jiko wakati wa chai. Siku moja nikamwambia habari za Sharubu na king'ora.

"Athumani," akasema, "mie nilikuwa humu. Tulisikia kishindo kutoka chini kama tumegonga mwamba, wakati ule wa usiku. Lakini wimbi? Hakuna aliyeliona."

"Litakosaje kuonekana, liliua mji?"

Akachukua sinia ya mpishi, akaijaza maji, akaigonga kwa ngumi kutoka chini, upande mmoja. Maji yote yaliinuka pale, yakashuka, yakaanza kwenda na kurudi. "Mawimbi ya upepo unayoyajua," akasema, "ni ngozi ya bahari tu. Chini ya hapo maji yamelala. Hili si la upepo. Sakafu ya bahari imeinuka hapa, pengine imeshuka pale, na maji yote yaliyokuwa juu yake, kuanzia chini kabisa, yamesogezwa. Sasa yanatafuta kukaa sawa. Palipoinuka panatuma mlima, palipoinama panatuma bonde. Ukitanguliwa na bonde, utaona maji yanakukimbia kabla hayajakujia."

Akaniuliza kama najua kuzidisha. Nikamwambia najua ya gatini, ya magunia. Akasema inatosha.

"Chukua kina cha maji kwa futi. Zidisha kwa thelathini na mbili. Kisha tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa jumla hiyo. Huo ndio mwendo wa wimbi lile, futi kwa sekunde. Kina cha futi nane?"

Nilikuna kichwa mpaka chai ikapoa. "Mia mbili hamsini na sita."

"Namba gani mara yenyewe?"

Nikajaribu kumi na mbili, nikajaribu kumi na tano. "Kumi na sita!"

"Futi kumi na sita kwa sekunde. Mtu mwenye mbio kwenye ardhi ngumu labda atalikimbia. Kwenye tope hafui dafu. Sasa tuseme kina ni futi elfu kumi na mbili na mia nane." Hiyo aliifanya mwenyewe, kwa chaki kwenye sakafu ya chuma. Ilitoka mia sita na arobaini. Maili zaidi ya mia nne kwa saa. Nikamwambia hiyo ni ndege, si maji.

"Ni ndege. Lakini huko kwenye kina kirefu kimo chake pengine dhiraa moja, na urefu wake toka mgongo mpaka mgongo ni maili nyingi. Linakuinua taratibu kama kifua cha mtu aliyelala kinavyoinuka. Nahodha apigie king'ora nini?"

Sharubu akatoka kwenye orodha. Iliniuma, maana nilikuwa nimemzoea mle.

"Sasa linavyokuwa ukuta?" nikauliza.

"Umewahi kuona wapagazi wakipanda ubao wa meli?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikasema nimewaona.

"Wa mbele akifika kwenye ubao anapunguza mwendo. Wa nyuma bado wako bara, wanakimbia. Inakuwaje?"

"Wanarundikana."

"Ndiyo. Mbele ya wimbi imefika kwenye kina kifupi, imepunguza. Nyuma bado iko kwenye kina kirefu, inakuja. Nguvu yote ile ya maili na maili inabanwa, haina pa kwenda ila juu. Kina kikipungua mara kumi na sita, kimo kinakuwa maradufu. Kikipungua mara kumi na sita tena, maradufu ya hapo. Dhiraa moja imekuwa nne, na bado hujafika ufukoni. Ufukoni hesabu yangu haishiki tena, maji yanajimwaga tu."

Nilimpenda sana mtu yule. Hakuna aliyewahi kukaa kunieleza kitu mpaka mwisho kama kwamba ninastahili kukijua. Kwa hiyo nilipouliza la mwisho, niliuliza kwa moyo safi, nikitaka anisaidie. "Basi Yosefu hakuwa na nafasi. Lilikuja ghafla."

Mateo akafuta chaki kwa mguu, akafikiri. "Hapana, halikuja ghafla. Mawimbi haya huja kwa msafara, moja halafu jingine, na kati yake nusu saa, pengine zaidi. La kwanza linaweza kuwa dogo. Maji yakishakimbia, yanachukua muda kurudi. Unasema alikaa mpaka ukasinzia? Walikuwa na robo saa pale, Athumani. Angekuwepo mtu mmoja wa kumwambia toka, angetoka akitembea."

Hakujua alichosema. Aliendelea kunywa chai yake. Mie nilibaki natazama maji ya sinia yakitulia. Bahari nayo ilikuwa imetoka kwenye orodha. Na nafasi ile haikubaki wazi.

Mombasa

Mombasa niliteremshwa kungoja meli ya Dar es Salaam. Walisema siku mbili, zikawa tisa. Nilikula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja karibu na bandari mpaka akaanza kuniita mume wa mbaazi zake.

Siku ya saba nikakutana na kijana wa Temeke, Juma mwana wa Mwinyi, tuliyekuwa tukimjua. Akanishika mikono, akalia kidogo, kisha akaniambia Shomari alifika nyumbani zamani. Alikwenda kwa Mama Yosefu na kanzu nyeupe, akamwambia mwanawe alikatazwa akakaidi, akaingia baharini kwa uroho wa samaki.

"Na mama akasema nini?"

"Matanga hajaweka. Anasema anakungoja wewe."

Siku mbili zile za mwisho nilizipima kweli kweli. Mombasa kazi ipo hata kwa kiwete. Ningeweza kukaa. Uongo wa Shomari ulikuwa umenifunika vizuri kama shuka: Yosefu mroho, Shomari mshauri mwema, Athumani hayumo kabisa. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Mama mbaazi akaniuliza, "Baba, mbona leo hutafuni?" Nikamwambia natafuna, ni taratibu. Meli ilipokuja nikapanda, lakini msinisifu. Nilipanda nikiwa bado sijaamua.

Kutoka gatini mpaka mlango wa mama

Hii ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilitembea na gongo kutoka gatini, nikapita Gerezani, nikapumzika, nikapumzika tena. Njiani kila anayenijua ananipa pole na kipande cha muhogo. Nilifika Chang'ombe alasiri na mihogo minne.

Mama Yosefu alikuwa anachambua mlenda mlangoni. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye gongo. "Mzaramo. Umeondoka na miguu miwili na mwanangu mmoja. Umerudi na mguu na nusu. Mzigo mwingine umeuacha wapi?"

Huo ni utani, na ni haki yake. Nikakaa chini. Nikaomba sinia na maji. Akaleta, bila kuuliza. Nikaigonga chini kama Mateo, nikamwonyesha mlima na bonde, nikamweleza mwendo, nikamweleza wapagazi kwenye ubao, na yeye akitikisa kichwa, maana wapagazi anawajua. Nikamweleza Shomari alivyotubakisha ufukoni, yeye akapanda kilimani kwenye chai.

"Kwa hiyo hakukatazwa," akasema.

"Hakukatazwa, mama. Shomari ni mwongo."

"Na uroho wa samaki?"

"Hakuwa mroho."

Akachambua majani mawili, matatu. "Yosefu alikuwa mwoga wa bahari. Hata Mtoni alikuwa haingii mpaka uingie wewe. Nani alimwambia ashuke?"

Ukuta ulikuwa mbele yangu. Miezi ya makaa ilikuwa bado ipo, haikufutwa, duara zima, nusu, duara zima, nusu. Nikanyoosha gongo nikagusa nusu.

"Siku ile ulikuwa huu," nikasema. "Akaniuliza bamvua limetoka wapi na mwezi ni nusu. Sikujua. Nikamtania. Nikamwambia nenda. Ni mie, mama. Na walikuwa na robo saa."

Alichambua mlenda mpaka kivuli cha mlango kikafika kwenye sinia. Alilia, na mie nililia, sitaandika zaidi. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alikuuliza habari za mwezi."

"Aliniuliza."

"Na alikuwa amepatia."

"Alikuwa amepatia, mama. Mie ndiye niliyekosea."

"Basi matanga yatakuwa Jumamosi, na wewe ndiye mtani wetu. Mtani hujilaza kaburini akazuia watu wasizike. Kaburi la mwanangu hakuna. Wewe utasimama. Utawaita Wazaramo wenzako wote wa Chang'ombe na Temeke, na mbele ya Shomari utasema mwanangu hakuwa mroho. Utasema Mnyamwezi aliijua bahari, na Mzaramo hakuijua."

Ndilo hilo mlilolisikia, Mzee Pazi. Nilisimama na gongo nikalisema, mara tatu, kama alivyotaka, na mara ya tatu Wanyamwezi walipiga vigelegele na mama akacheka huku machozi yanamtoka, na Shomari akatafuta viatu vyake. Sikuwaaibisha Wazaramo. Nilimtaja Mzaramo mmoja tu.

Tangu hapo, kila mwezi ukiwa nusu, Mama Yosefu hutoka mlangoni kwake asubuhi akaniita kwa sauti mtaa mzima usikie: "Mzaramo! Maji leo yakoje?"

Nami hutoka nje, nikatazama juu kwanza, kisha ndipo namjibu.